Maisha ya Watu: Mwalimu Aliyejitwika Kinanda

Katika shule nyingi za mashambani huwako mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wake, hata wakiisha kuwa wazee, humkumbuka kwa nyimbo alizowafundisha. Hesabu zake wamezisahau, na fimbo yake wameisamehe, lakini mtu akianza ule wimbo wa zamani, wote huufuata, kila mmoja kwa sauti yake. Mwalimu wa namna hiyo mara nyingi hufa bila ya jina lake kuvuka mto wa pili. Lakini mmoja wao, aliyezaliwa kijijini na kuanza kazi kijijini, jina lake lilienea nchi nzima, na habari zake zafaa kusomwa na kila mzazi mwenye mtoto shuleni na kila karani aimbaye katika kwaya siku ya Jumapili.

Mtu huyo ni Ephraim Amu. Alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 1899 huko Peki-Avetile, upande wa mashariki wa mto Volta, katika nchi iliyoitwa Gold Coast na ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Watu wa Peki ni Waewe. Wamisionari wa Bremen kutoka Ujerumani walifika kwao mwaka 1847, na kwa hiyo alipozaliwa Amu, kanisa na shule vilikuwa vimekwisha kuota mizizi. Baba yake alikuwa mchonga miti. Mtoto alipelekwa shule mwaka 1906, na alipopata umri wa kama miaka 12 akaingia katika shule ya bweni ya Peki-Blengo. Huko mambo mawili yalimpendeza kuliko yote: muziki na kilimo.

Alikuwako huko mwalimu mmoja jina lake Theodore Ntem, ambaye ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Wakati sadaka ilipokusanywa, mwalimu huyo alizoea kupiga muziki wa polepole bila ya maneno. Watoto wengine huenda walihesabu senti zao au walitazama dirishani, lakini Amu alisikiliza. Mwisho akamwendea mwalimu, akamwomba amfundishe kukipiga kinanda kile.

Basi hapo yalifanyika mapatano ambayo mkulima yeyote atayafahamu mara moja. Mwalimu alikuwa na shamba lakini mikono ya kulilima ilikuwa michache; kijana alikuwa na mikono lakini hakuwa na elimu ya kinanda. Wakapatana kwamba Amu atafanya kazi shambani kwa mwalimu, na mwalimu atamlipa kwa mafunzo ya muziki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Amu aliinama na jembe lake ili apate kuketi mbele ya kinanda. Haikuwa zawadi, wala hapakuwa na mtu aliyemhurumia. Alinunua elimu yake kwa jasho, na labda ndiyo sababu hakuitupa hata siku moja.

Mwaka 1915 alishinda mtihani wa kumaliza shule, na mtihani wa kuingia seminari ya Abetifi. Abetifi iko mbali na Peki, juu ya milima ya Kwahu, ng'ambo ya pili ya mto Volta. Mwaka 1916 yeye na wenzake walikwenda huko kwa miguu, wakasoma miaka minne kazi ya ualimu na uinjilisti. Huko lugha ya kazi ilikuwa Kitwi, si Kiewe cha nyumbani, na kwa hiyo Amu alitoka chuoni akiweza kuhubiri na kutunga katika lugha mbili za nchi yake.

Tarehe 1 Januari 1920 alianza kazi ya ualimu. Hakupelekwa mjini. Alirudishwa Peki-Blengo, katika shule ile ile aliyoisoma. Wako walimu vijana ambao wangelia kwa kurudishwa kwao, wakitamani taa na maduka ya mjini. Amu alifikiri jambo moja tu: shule yake haina budi kuwa na kinanda.

Alikwenda Koforidua, akanunua kinanda cha kukunjwa chenye oktava tano. Vinanda vya namna hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya wasafiri na wamisionari. Ndani yake mna mivukuto inayosukumwa kwa miguu, na vibati vyembamba vya shaba vinavyolia upepo unapopita, na vyote hukunjika vikawa kama sanduku. Ni chombo cha kuchukuliwa, lakini si chepesi; sanduku la mbao na shaba ni sanduku la mbao na shaba. Lori lilimfikisha na mzigo wake mpaka Frankadua, na hapo safari ya lori ikaisha.

Mwalimu mwenye cheti angaliweza kulala hapo, akangoja mpaka apate wachukuzi. Amu hakungoja. Alijitwika kinanda kichwani, akashika njia, akaenda usiku kucha. Alifika Peki kama saa kumi na moja alfajiri.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi nchini Ghana, na haifai kupitwa upesi. Katika miaka ile mtu aliyesoma alijulikana kwa kutochukua mzigo. Aliyevaa viatu na kushika kalamu alitembea mbele, na mzigo wake ulikuja nyuma juu ya kichwa cha mwingine. Hata leo wako vijana waliomaliza shule ambao huona haya kubeba mkungu wa ndizi kutoka shambani kwa mama yao, wasije wakaonwa na wenzao. Mwalimu huyu kijana, mwenye miaka 20, alichukua mzigo mwenyewe, naye hakujiona amepungukiwa na kitu. Wala hakuuchukua kwa ajili ya nyumba yake. Aliuchukua kwa ajili ya watoto wa shule.

Katika miaka ya Blengo alifundisha nyimbo, naye mwenyewe akaendelea kujifunza. Palikuwa na mchungaji mmoja wa Kanisa la Methodisti, Allotey-Pappoe, aliyekaa Peki-Avetile, na huyo alimfundisha sheria za muziki: jinsi sauti nne zinavyopatana, na jinsi sauti moja inavyoweza kuifuata nyingine bila ya kugongana nayo. Lakini kadiri alivyozidi kujifunza, ndivyo swali moja lilivyozidi kumsumbua. Watoto aliowafundisha waliimba nyimbo za Wazungu kwa ufundi, tena vizuri. Lakini nyimbo za babu zao ziliachwa nje ya mlango wa shule. Je, zilikuwa hazina sheria? Je, mtu akizichunguza kwa bidii kama anavyozichunguza nyimbo za Ulaya, hatazikuta zina mpango wake?

Alizichunguza, akaukuta mpango. La kwanza alilolitilia maanani ni lugha yenyewe. Kiewe na Kitwi ni lugha ambazo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Katika Kitwi neno *papa* likitamkwa kwa sauti ya juu mwanzo na mwisho ni "zuri". Sauti ikianza chini na kupanda, ni "baba". Sauti zote mbili zikiwa chini, ni pepeo la kujipepea. Sasa chukua wimbo wa Kijerumani au wa Kiingereza, fasiri maneno yake kwa Kitwi, uyaimbe kwa tuni yake ya asili. Tuni inapanda mahali neno linapotaka kushuka, na inashuka mahali neno linapotaka kupanda. Waumini huimba kwa moyo, lakini neno lililoandikwa "baba" laweza kutoka kinywani likiwa "pepeo".

Msemaji wa Kiswahili aweza kuonja jambo hilo kidogo kwa neno "barabara". Mkazo ukiwekwa mahali pamoja, ni njia ya magari. Ukiwekwa mahali pengine, ni jambo lililofanywa sawasawa. Lakini Wakikuyu na Wajaluo, ambao lugha zao hupanda na kushuka kama zile za Ghana, watamfahamu Amu zaidi, maana nao wana nyimbo za kanisa ambazo wazee husema zina maneno yao lakini hazina sauti yao.

Amu aliligeuza jambo hilo. Alianza na maneno, akayasikiliza yanavyosemwa, ndipo akayatungia tuni inayofuata mwendo wake. Mapigo ya wimbo aliyatoa katika ngoma na makofi ya watu wake. Lakini hakuitupa elimu ya kinanda aliyoipata kwa jembe. Sauti nne zilibaki, na kupatana kwake kulibaki. Alizitia katika kazi ya wimbo wa Kiafrika, kama fundi atiaye randa la kigeni katika mti wa kwao.

Mwaka 1926 aliitwa kufundisha katika seminari ya Akropong, chuo kilichoanzishwa na Misheni ya Basel mwaka 1848, kilichoheshimiwa sana nchini. Huko aliwahimiza wanafunzi kukusanya nyimbo za asili, akawafundisha nyimbo alizozitunga, na nyimbo hizo zikasambaa pamoja na walimu waliotoka chuoni kwenda vijijini. Mwaka 1929 alitunga wimbo unaojulikana nchini Ghana kuliko nyimbo zake zote, *Yen Ara Asaase Ni*, yaani kwamba nchi hii ni yetu wenyewe. Aliutunga kwanza kwa Kiewe, kisha ukawekwa katika Kitwi. Wimbo huo huwakumbusha watu kwamba wazee waliitafuta nchi kwa damu, na sasa ni zamu ya walio hai. Tena huwaonya kwamba majivuno ya elimu, hila na kujipendelea ndivyo vinavyoiharibu nchi. Mtu aliyejitwika kinanda mwenyewe alikuwa na haki ya kuonya juu ya majivuno ya elimu.

Lakini kazi yake haikuwapendeza wote. Mkristo aliyesoma wakati ule alitazamiwa kuonekana tofauti na wenzake. Wamisionari wa Basel na wa Bremen walikuwa wamewajengea waumini mitaa yao ya peke yao, iliyoitwa Salem, mbali kidogo na mji wa wengine, ili wasirudi katika mambo waliyoyaacha. Ngoma ilikuwa miongoni mwa mambo hayo. Suti ilikuwa alama ya kuvuka. Siku moja katika mwaka 1931 Amu alisimama kanisani kuongoza ibada, naye hakuvaa suti. Alivaa nguo ya kwao, shuka pana ya kujitanda kama wanaume wa nchi ile wavaavyo siku za heshima.

Wakubwa wa kanisa walimwita, wakamwuliza. Si haki kuwadhania kwamba walikuwa watu wabaya. Wengi wao, au baba zao, walikuwa wameacha mambo ya zamani kwa gharama kubwa, na wengine walitengwa na jamaa zao. Walipoona shuka na kusikia ngoma na filimbi za mwanzi zikiingia katika nyumba ya Mungu, waliogopa kwamba mlango uliofungwa kwa taabu unafunguliwa tena. Na waliona pia kwamba mtu aliyesomeshwa anapaswa kuwaonyesha wengine njia ya mbele, naye wakamwona amegeuka nyuma.

Lakini Amu hakuona kwamba amegeuka nyuma. Aliona kwamba mtu aliyesoma amepewa elimu yake ili ayatengeneze mambo ya kwao, si ili ayakimbie. Imani yake ilikuwa ile ile, mahubiri yake yalikuwa yale yale. Shuka haikumwondolea hata neno moja la Injili. Mwaka 1932 kitabu chenye nyimbo zake 25 kwa Kitwi kilichapishwa London. Na mwaka uliofuata, 1933, aliondolewa katika kazi yake ya Akropong.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Mwalimu aliyeachishwa kazi na misheni katika siku zile hakupoteza mshahara tu. Alipoteza nyumba, alipoteza heshima, na katika macho ya wengi alipoteza hata jina la Mkristo mwema. Njia ya kurudi ilikuwa rahisi: avae suti, aziache ngoma, aombe radhi. Na njia nyingine ilikuwa rahisi vilevile: akasirike, aliache kanisa, awatukane waliomfukuza. Amu hakushika njia ya kwanza, wala hakushika ya pili. Aliendelea kuwa Mkristo, na aliendelea kuvaa shuka.

Mwaka 1934 alipata kazi katika chuo cha Achimota, karibu na Accra, kilichofunguliwa mwaka 1927. Msaidizi wa mkuu wa chuo hicho alipokianza alikuwa Daktari Aggrey, yule mwana wa Gold Coast aliyefika Kenya mwaka 1924 pamoja na tume ya mambo ya elimu, ambaye maneno yake wazee wengi wa Kenya waliyakumbuka muda mrefu. Aggrey alizoea kufundisha kwamba katika kinanda funguo nyeupe peke yake zaweza kutoa sauti, na nyeusi peke yake zaweza, lakini muziki uliokamilika hutaka zote mbili; na nembo ya Achimota ni funguo hizo. Aggrey alikuwa amekwisha kufa mwaka ule ule wa 1927, lakini ni kana kwamba alikuwa ameweka nafasi kwa ajili ya mwalimu wa Peki.

Kutoka Achimota Amu alipelekwa London, akasoma katika Chuo cha Kifalme cha Muziki tangu 1937 hadi 1940. Wengine waliokwenda huko walirudi wakiwa wageni kwao. Yeye alirudi akizidi kuutumikia muziki wa kwao kwa ufundi zaidi. Alifundisha vijana kupiga filimbi ya mwanzi iitwayo *atenteben*, na filimbi hiyo ikaingia katika shule nyingi. Alitunga pia wimbo juu ya wafumaji wa kente wa kijiji cha Bonwire karibu na Kumasi, na ndani yake waimbaji huiga mlio wa kitanda cha mfumi kinapokwenda huku na huku. Kazi ya mikono ya mwanakijiji imekuwa wimbo wa kwaya ya sauti nne.

Baadaye alifundisha katika chuo cha Kumasi, kisha katika Chuo Kikuu cha Ghana, ambacho mwaka 1965 kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Na Akropong, mahali alipofukuzwa, nyimbo zake hazikufukuzika. Mwaka 1937 aliingia huko kijana mmoja, Kwabena Nketia, akazikuta. Kijana huyo akawa mtaalamu wa muziki wa Afrika anayejulikana duniani kote, naye daima alimtaja Amu kuwa miongoni mwa waliomwonyesha njia. Hivyo mbegu huota hata mwenye shamba akiisha kumwondoa mpanzi.

Amu alistaafu mwaka 1971, akarudi Peki-Avetile, mahali alipozaliwa. Alifariki tarehe 2 Januari 1995, akiwa na umri wa miaka 95.

Watu wa Kenya wanayo sababu yao ya kuufahamu ushindi wa mtu huyu. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa karibu kupata uhuru, watu watano waliopewa kazi ya kutengeneza wimbo wa Taifa hawakuagiza tuni kutoka Ulaya. Walichukua wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, wakaupanga kwa ufundi wa kisasa. Jambo ambalo miaka 30 kabla yake lilimwondoa mwalimu katika kazi yake, sasa husimamiwa na watu wote kwa heshima, wakuu mbele na raia nyuma.

Hata hivyo kazi ya namna hiyo haikwishi kwa wimbo mmoja wa Taifa. Katika kila kata wako wazee wenye nyimbo za kupandia, za kuvunia, za harusi na za matanga, na kila mwaka baadhi yao hufa nazo. Mwalimu mwenye daftari na kalamu, au karani aliyekwenda nyumbani kwa likizo, aweza kuketi na bibi yake jioni moja, akaandika maneno na kuweka do-re-mi juu yake. Hakuhitaji kwenda London kwanza. Amu mwenyewe alianza kwa kusikiliza, na ada yake ya kwanza aliilipa kwa jembe.

Mwaka 2002 Ghana ilitoa noti ya sedi 20,000 yenye sura ya mwalimu huyu wa Peki. Noti hiyo sasa haitumiki tena, maana fedha za nchi ile zilibadilishwa mwaka 2007. Wimbo wa mwaka 1929 ungali unaimbwa.